Mtaa Unaitwa Sukari, Lakini Kanisani Hakukuwa na Kijiko cha Sukari

Wasee wangu, hii stori nimeibeba tangu Januari. Nimeiandika, nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu sitaki mtu aseme ati nadharau kanisa. Sidharau. Nimekulia hapo, nimebatizwa hapo, na hata hii kazi ya kamera nilijifunzia hapo. Ndiyo maana naongea.

Mimi ndiye hurusha ibada laivu kanisani kwetu hapa Kahawa Sukari. Ilikuwa Jumapili ya tatu ya mfungo. Mnajua Januari venye huwa, makanisa mengi ya hii Thika Road huwa yamefunga, mengine siku 21, mengine 40. Kuna shosho mmoja wa kiti cha tatu kutoka mbele, wale wa kufika kabla hata taa ziwashwe. Alikuwa amesimama tukiabudu. Akaketi ghafla. Halafu akateleza polepole hadi chini.

Usiku huo niliirudia rekodi nikiwa peke yangu. Wacha niwaambie ile kitu saa ya rekodi inasema.

Dakika ya 47 na sekunde 12, shosho anaanguka.

Dakika ya 47 na sekunde 40, wahudumu wa mlangoni wanamfikia. Wanamwinua na kumkalisha kwa kiti. Anateleza tena. Wanamkalisha tena. Watu kama kumi wamemzunguka, wengine wanampepea na karatasi za matangazo.

Dakika ya 48 na nusu, kwenye maiki tunaambiwa tunyooshe mikono tumwombee. Kinanda kinaendelea chini chini.

Dakika ya 50, picha inahama. Inaenda kwa kwaya na kukaa hapo. Huyo alikuwa mimi. Niliona watu wanatazama laivu, nikaona haifai, nikageuza kamera. Hiyo sijutii. Ninachojutia ni kwamba baada ya kuigeuza niliendelea kusimama nyuma yake nikirekebisha mwanga. Mwanga, jameni.

Dakika ya 51 unasikia sauti ya msichana akisema, "Naomba nipite." Na sauti ya mwanamume inamjibu, "Dada, rudi ukae, wazee wanashughulika." Huyo msichana alikuwa anasomea unesi pale KU. Huwa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hiyo siku alikuwa amevaa jinzi.

Dakika ya 54 akafanikiwa kupita. Alipiga magoti, akagusa shingo ya shosho, akauliza kwa sauti, "Huyu ana ugonjwa wa sukari?" Mjukuu akajibu ndiyo, na dawa amemeza asubuhi. "Amekula nini?" Hajakula, amefunga.

"Nileteeni sukari. Ama soda. Haraka."

Na hapo, wasee, ndipo nilipojua tuko na shida. Jikoni ya kanisa ilikuwa na kufuli kwa sababu ni mfungo. Mwenye funguo alikuwa amesafiri. Watu zaidi ya mia mbili, spika mbili kubwa kama kabati, projekta, kamera mbili, na hakuna kijiko kimoja cha sukari. Kwa mtaa unaoitwa Kahawa Sukari!

Dakika ya 57 na sekunde 20, mtu wa bodaboda, ambaye hata si wa kanisa letu, anaingia mbio na soda aliyotoa kwa kioski ya ng'ambo. Shosho alikuwa bado anaweza kumeza. Akanyweshwa kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa akafungua macho vizuri, akauliza kama sadaka imeshakusanywa.

Tulicheka, tukalia, tukapiga makofi. Akapelekwa hospitali, yuko sawa mpaka leo.

Lakini hesabu ni hiyo hapo. Kutoka kuanguka hadi soda ni dakika kumi na sekunde nane. Hatukuokolewa na mpango wowote. Tuliokolewa na msichana aliyekataa kurudi akae, na mtu wa boda mwenye moyo. Jumapili iliyofuata ulitolewa ushuhuda, na mimi nikasema amina kwa roho yangu yote. Yule msichana hakutajwa. Wala hakuja.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na nitayasema bila kuzunguka: kanisa ambalo halijui nani anasimama mtu akianguka halijajiandaa kuwapokea watu. Na kazi ya kurekebisha hiyo ni yetu sisi yuthi, tusingoje kamati ya wazee.

Paulo alisimamisha mahubiri

Kuna mtu ataniambia ibada haiwezi kukatizwa. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo yuko Troa, anahubiri hadi usiku wa manane. Kuna kijana anaitwa Eutiko, amekaa dirishani, usingizi unamlemea (nani hapa hajawahi kuwa Eutiko?), anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Wanamwokota wakidhani amekufa.

Paulo alifanya nini? Hakusema tunyooshe mikono akiwa huko juu. Alishuka. Aliacha mahubiri, akateremka hadi pale kijana alipo, akamkumbatia, na alipojua yuko hai akawatuliza watu. Ndipo akarudi juu, wakala, akaendelea kuongea hadi alfajiri. Ibada haikuharibika. Ilisimama kwanza, ikaendelea baadaye.

Na mkumbuke, makanisa mangapi ya hapa kwetu, Wendani, Githurai na Ruiru yako ghorofa ya pili au ya tatu ya jengo la biashara, juu ya duka la dawa na kinyozi? Ngazi moja nyembamba, watu wanapishana kwa mabega. Umewahi kujiuliza mtu mzima aliyezimia atashushwaje hapo? Eutiko alishuka haraka, lakini hiyo njia yake hatuitaki.

Tulijifunza kukagua, hatukujifunza kutibu

Wale mko na miaka 25 kwenda juu mnakumbuka mwaka wa 2012. Tarehe 29 Aprili, gruneti ilirushwa kanisani Ngara. Tarehe 1 Julai, makanisa mawili ya Garissa yakashambuliwa wakati wa ibada na zaidi ya watu 15 wakauawa. Tarehe 30 Septemba, ikawa St Polycarp pale Juja Road, na waliolengwa walikuwa watoto wa Sande skuli. Mtoto mmoja akafa, wengine wakajeruhiwa. Halafu tarehe 23 Machi 2014 ikawa Likoni, watu wenye bunduki wakafyatulia waumini risasi, na mtoto mchanga akabaki na risasi kichwani, akafanyiwa upasuaji Nairobi na akapona. Mamake hakupona. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, na miongoni mwa wa kwanza kuuawa walikuwa wanafunzi waliokuwa kwa maombi ya alfajiri.

Makanisa ya Nairobi na hapa kwetu yalijibu vipi? Tulinunua zile mashine za kukagua chuma. Tukaweka vijana langoni kupapasa watu na kufungua mikoba. Ilikuwa sawa kabisa, na wale vijana walisimama mahali pa hatari. Lakini hiyo yote ni kazi ya kuzuia. Swali la pili hatukuliuliza: ikishindikana kuzuia, nani anajua kusimamisha damu?

Kwa sababu mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa mguu au mkono anaweza kufa kwa dakika chache, kabla hata ya ving'ora kusikika. Boston kule Marekani, mabomu mawili yalilipuka kwa mbio za marathoni tarehe 15 Aprili 2013. Zaidi ya watu 260 waliumia, na waliokufa papo hapo walikuwa watatu. Sababu moja ni kwamba watu wa kawaida na wahudumu walikuwa karibu, na walikaza miguu iliyokuwa ikimwaga damu kwa mishipi na vipande vya nguo. Mwaka wa 2015 serikali ya Marekani ikaanzisha kampeni ya kufundisha raia wote kusimamisha damu, vile mtu anafundishwa kuvuka barabara.

Na jambo lenyewe si la chuo kikuu. Unaweka kitambaa safi, unaweka mikono miwili, unakandamiza kwa uzito wako wote na hauinui kuchungulia. Kama ni shimo la kina, unalijaza kitambaa halafu unakandamiza. Kama ni mkono au mguu na damu haisikii, unafunga kitambaa kipana juu ya jeraha, kama upana wa vidole vitatu au vinne kutoka hapo, si juu ya goti wala kiwiko, unazungusha kijiti hadi damu ikome, na unaandika saa. Usilegeze tena mpaka hospitali. Leso ziko ngapi kanisani siku ya akina mama? Vifaa tuko navyo. Tumekosa tu mikono inayojua.

Na hata gruneti isipokuja tena, na tuombe isije, barabara haijaacha kutuua. Takwimu za NTSA za 2024 zilipita watu 4,700 waliokufa barabarani Kenya. Sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya Thika. Boda zinapanda kwa laini ndogo, zinakuja upande usio wao, abiria wa tatu amebebwa na Biblia yake mkononi. Ajali ikitokea nje ya geti Jumapili saa nne, kanisa ndilo jengo la karibu lenye watu mia mbili. Watakimbilia kwetu. Tutawapa nini, karatasi ya matangazo?

Zile za kila Jumapili

Lakini ukweli ni kwamba dharura nyingi za kanisani hazina kelele ya bomu. Ni zile ndogo ambazo sisi huzifanya kubwa kwa kutojua. Nimeongea na manesi wawili na mkufunzi mmoja wa huduma ya kwanza tangu Januari. Hizi hapa.

Kifafa. Hii ndiyo inaniuma zaidi. Kijana anaanguka kwa kesha, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Mara moja watu wanne wamemshika mikono na miguu, mmoja anamwekea kijiko kati ya meno, na maiki inaanza kukemea. Wasee, kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una dawa, na kuna watu wako nao kwa kiti cha kando yako na hawasemi kwa sababu wanaogopa kuitwa wana pepo. Ondoa viti karibu yake. Weka sweta chini ya kichwa. Usimshike, usimwekee chochote mdomoni. Angalia saa. Mitetemo ikiisha mlaze kwa ubavu. Ikipita dakika tano, au ikirudi tena kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Kama unataka kuomba, omba. Lakini omba ukiangalia saa.

Sukari kushuka. Jasho, kutetemeka, kuongea vitu havieleweki, halafu chini. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vinne vya sukari kwa maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Angalia baada ya dakika 15, na akipata nafuu apate chakula. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni, utamzamisha. Mlaze kwa ubavu, piga simu. Na kabla ya mfungo kutangazwa, mchungaji aseme waziwazi: wewe ni wa sukari, wa presha, uko na mimba, unanyonyesha, ongea na daktari kwanza, na Mungu hatakuhesabia uji wako.

Kuungua. Siku ya harambee, akina mama wako na sufuria za pilau na chai ya watu wote. Mtu akimwagikiwa, utasikia leta dawa ya meno, leta unga, leta yai. Hapana. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, toa pete na saa, halafu funika kwa kitambaa safi.

Kusongwa. Mtoto wa Sande skuli na peremende. Akiwa anakohoa mwache akohoe. Akinyamaza na anashika shingo, mwinamishe, mpige mara tano katikati ya mgongo kwa kiganja. Ikikataa, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta kuelekea kwako na juu mara tano. Rudia. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni tofauti, tumbo haliguswi, na ndiyo maana walimu wa Sande skuli wanafaa kuwa wa kwanza kufundishwa.

Moyo kusimama. Mtu haitiki, hapumui, au anavuta pumzi moja moja za kukoroma. Hizo za kukoroma si kupumua, zisikudanganye. Mlaze chali sakafuni, si kwa kiti, weka viganja katikati ya kifua, sukuma chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache. Badilishaneni kila dakika mbili kwa sababu inachosha vibaya.

Mpenzi wa mpira anakumbuka Christian Eriksen, tarehe 12 Juni 2021, Denmark na Finland. Alianguka bila kuguswa. Alisukumwa kifua papo hapo uwanjani, mashine ya kushtua moyo ikatumika, na chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa anachezea Brentford. Mkisema ni muujiza siwapingi. Lakini Denmark ni nchi ambayo tangu 2005 watoto wa shule wanafundishwa kusukuma kifua. Kati ya 2001 na 2010, wale waliosukumwa kifua na mpita njia baada ya moyo kusimama walipanda kutoka karibu asilimia 21 hadi 45, na waliokuwa hai mwezi mmoja baadaye wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi karibu 11. Wadenmaki si malaika. Walifundishwa tu.

"Lakini hiyo si ni kukosa imani?"

Hili nimeambiwa uso kwa uso, na mzee ninayemheshimu. Alisema, "Kijana, ukianza kupanga magonjwa kanisani unayakaribisha."

Nilimjibu kwa heshima: Mzee, kanisa letu lina mlinzi wa usiku, lina kufuli na lina bima ya gari. Hatujakaribisha wezi. Na yule Msamaria wa Luka, ebu tumwangalie. Alimkuta mtu amepigwa kando ya barabara. Alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akayafunga, akambeba kwa punda wake, akalipa mahali pa kulala. Hiyo ni huduma ya kwanza, ambulensi na bili ya hospitali kwa hadithi moja. Wale wawili waliopita kando walikuwa watu wa dini. Na aliyetuandikia hadithi hiyo, Luka, ametajwa kwenye Wakolosai kama tabibu.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, leteni hiyo bajeti tuione."

Wa pili watasema hakuna pesa. Glavu, bendeji, gauzi, mkasi, pini, blanketi moja, paketi ya sukari na kitochi. Hiyo yote haifiki bei ya spika moja. Mashine ya kushtua moyo ndiyo ghali. Hiyo ikuje baadaye, mikono ni ya kwanza.

Wa tatu watasema sisi si madaktari. Ni kweli, na hatujifanyi. Kazi yetu ni kumfikisha mtu kwa daktari akiwa bado anapumua.

Mpango wenyewe

Huu ndio tumeupeleka kwa kamati. Mnaweza kuuiba, hata msitutaje.

Kwanza, tafuteni watu mlio nao. Kabla ya kumwita mkufunzi, ulizeni Jumapili moja: nani hapa ni nesi, mhudumu wa afya ya jamii, mwanajeshi, zimamoto, mwanafunzi wa udaktari? Sisi tuko katikati ya KU na kambi ya Kahawa. Mtashangaa nani amekuwa akikaa nyuma. Andikeni majina, na kila ibada wawe wawili wa zamu, mwanamume na mwanamke, kwa sababu mama aliyeanguka ana haki ya kushikwa na mwenzake. Wawe na kitambulisho shingoni, ili hakuna mtu atawaambia tena "dada, rudi ukae."

Pili, ishara moja. Mtu wa zamu akiinua mkono wenye kitambaa chekundu, muziki unasimama, mchungaji anapumzika, na anasema sentensi moja tu: "Kaeni mlipo, tupeni nafasi, tunaomba kimya." Maombi hayajazuiwa. Msongamano ndio umezuiwa.

Tatu, simu. Mtu mmoja, si grupu. Nambari ziandikwe ukutani karibu na mlango: 999, 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Na maelekezo yaandikwe hapo hapo, kwa sababu ukishtuka huwezi kukumbuka hata jina la barabara yako. Ambulensi ikipita mahali pa kutokea kwa hiyo barabara kuu, inaenda mbali kabla igeuke. Kwa hivyo kijana mmoja anatumwa barabarani na koti la kung'aa, asimame aipungie hadi ifike kwa geti.

Nne, gari. Kila Jumapili gari moja liegeshwe likitazama nje, bila kufungiwa na mengine, na dereva ajulikane. Ambulensi ikichelewa, KUTRRH haiko mbali na hapa. Lakini aliyeumia shingo au mgongo asivutwe kuingizwa kwa Probox kama gunia. Huyo angojee wenye ujuzi, isipokuwa pale alipo panamhatarisha.

Tano, haki. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi milioni tatu kwa kituo kinachoweza kutoa huduma hiyo na kikakataa. Mtu wa zamu anayemsindikiza mgonjwa ayajue haya kwa kichwa, kwa sababu swali la kwanza pale mapokezi laweza kuwa la pesa.

Sita, siri. Wenye sukari, kifafa, pumu au mzio wanaweza kuwaambia watu wa zamu wakitaka, na hayo yasitoke hapo hata kama ombi la maombi. Ikivuja mara moja, hakuna atakayesema tena.

Saba, mazoezi. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance wote hufundisha vikundi. Mkishafunzwa, fanyeni mazoezi angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya ibada, na mtu ajifanye ameanguka kweli. Mtacheka mara ya kwanza. Sawa, chekeni. Bora mkosee siku ya kucheka.

Na sisi wa kamera

Nimalizie na yangu. Kwa wenzangu wote wa laivu: mtu akianguka, picha iende kwa msalaba ukutani au kwa kadi ya "tutarudi hivi punde", na uiache hapo. Halafu ondoka nyuma ya kamera. Hakuna mwanga wa kurekebisha. Nenda ukafungue mlango, ukasogeze viti, ukaite boda.

Nimeombwa ile klipu ya shosho mara nyingi. Mtu mmoja aliniambia ingepata watazamaji kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Najua. Haitoki. Shosho hakuanguka ili mimi niomoke.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule msichana wa KU. Nilimpata kupitia rafiki ya rafiki. Nikamwambia pole, kwa niaba yangu, si ya kanisa, kwa sababu kanisa halijanituma. Nikamuuliza kama anaweza kuja kutufundisha siku moja. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Nikija, nitaruhusiwa kupita?"

Bado sijamjibu. Nangoja kamati ikae Jumamosi ndiyo nimjibu kwa ukweli.

Wewe usingoje kamati. Jumapili hii, ukiwa umekaa hapo, angalia mbele, angalia mlango, halafu ujiulize: mtu akianguka sasa hivi, nani anasimama? Kama hujui, uliza. Na kama ukiuliza hakuna anayejua, basi pengine ni wewe. Na ubebe sukari.